Katoni ya Gakii

Nimeishi na wanawake wa kila namna hapa Doha. Nimelala na wa kukoroma, nimelala na wa kuomba kwa sauti alfajiri, nimelala hata na mmoja aliyekaanga samaki chumbani huku dirisha limezibwa kwa gundi. Wote niliwavumilia. Aliyenishinda ni Gakii, kwa sababu hakuwa na vitu.

Ana kijiko kimoja. Akimaliza kula anakiosha, anakipangusa, anakirudisha kwenye kikombe chake ambacho nacho ni kimoja, na kazi ya jikoni imekwisha. Mimi nina vijiko vya kulisha harusi ya watu wawili wenye ukoo mkubwa, na kila nikitaka kula sipati hata kimoja kisafi.

Tunaishi Muaither, kwenye vila ambayo mwenye nyumba aliigawanya kwa mbao mpaka sebule ikazaa vyumba na ngazi ikazaa stoo. Chumba chetu tuko watatu: mimi Jebet wa Kapsabet, Shamira wa Masaka kule Uganda, na huyo Gakii wa Nkubu, Meru. Wote tunafanya kazi hoteli moja West Bay. Mimi na Gakii tunasafisha vyumba vya wageni. Shamira ni askari wa geti la wafanyakazi, yule anayepekua mikoba tunapotoka ili tusiondoke na sabuni za hoteli. Anatupekua kazini kama wezi, kisha akifika nyumbani anatuomba chumvi.

Hapa kuna desturi ambayo hakuna aliyekaa kikao kuipitisha. Mwenzako akirudi nyumbani moja kwa moja, vitu vyake haviendi naye, maana ndege ina kilo zake. Wanavirithi waliolala naye. Kwa hiyo chumba chetu kilikuwa kimejaa watu ambao hawapo. Kulikuwa na sufuria ya umeme ya Proscovia, pasi ya Stacy, kabati la plastiki la Mfilipino ambaye jina lake lilishasahaulika, mablanketi mazito ya picha ya chui katika nchi ambayo jasho linakutoka ukiwa umesimama kivulini. Ili nifike kitandani ilinibidi nipite kiupandeupande, na mimi si mwanamke wa kupita kiupandeupande.

Gakii alikataa kurithi. Kila aliyeondoka alimwachia kitu, naye akajibu, "Asante, niko sawa." Hilo neno "niko sawa" liliniudhi kuliko tusi. Sehemu yake ya chumba ilikuwa kitanda, mkoba mmoja chini yake, na msumari ukutani wenye magauni machache na sare ya kazi. Gauni likichanika alilishona. Likichakaa alilikata likawa kitambaa cha kupigia deki, na nadhani likichakaa hata hapo angelipika. Maji ya kusuuzia nguo aliyadekia sakafu. Maji ya kuoshea mboga aliyabeba mpaka kwenye paa, ambako alikuwa na managu, mboga za kwao, ndani ya makopo ya rangi. Majira ya baridi yalistawi vizuri. Kiangazi kikija jua liliyachoma yote mpaka udongo, naye alingoja kupoe aanze tena bila kulaumu mtu. Tulimcheka sana kwa hayo managu, tukiwa tunayala.

Nisieleweke vibaya. Siyo kwamba alikuwa anahubiri. Wanaohubiri tunawasafishia vyumba. Kuna mama mmoja alifikia hoteli yetu kuja kufundisha semina ya kuishi bila vitu, na masanduku yake yalihitaji wachukuzi wawili na toroli tatu. Alinipa wosia kuhusu amani ya moyo huku nimebeba mito yake mitano. Gakii hakuwahi kuniambia lolote la amani ya moyo. Alikula, akaosha kijiko, akalala.

Aliyepata taabu kweli ni Shamira. Askari amefundishwa kwamba mkoba unaficha kitu, na mkoba wa Gakii kila jioni ulikuwa na bakuli la chakula, leso na funguo. "Banange," aliniambia, "mtu hawezi kuwa na mkoba mwepesi hivi. Huyu anatoa vitu kwa njia nyingine." Akampekua kwa bidii kuliko alivyompekua mpishi yeyote. Hakupata hata kiberiti.

Zamani Gakii hakuwa hivyo. Likizo yake ya kwanza alikwenda nyumbani na masanduku yaliyovimba. Kaka yake Cornelius, aliyekuja kumpokea uwanja wa ndege, aliyainua kuonja uzito kabla ya kumsalimia. Shangazi akauliza la kwake ni lipi. Jioni ile nyumba ilijaa, kila mtu akapata chake, na kesho yake hakuonekana hata jirani wa kuomba moto. Mama yake, katika msukumano ule, alikuwa jikoni akipikia watu, na mpaka likizo inaisha hawakuwa wamekaa wawili wakazungumza vizuri.

Alinisimulia haya tukitandika kitanda cha mgeni, yeye upande wake wa shuka na mimi wangu.

"Mwezi ujao naenda na mkoba tu," alisema. "Nataka nijue kama wananingoja mimi ama wanangoja sanduku."

"Na ukipata ni sanduku?"

"Si basi nitajua."

Akavuta shuka kwa nguvu mpaka upande wangu ukachomoka. Hapo nikaona kwamba anaogopa. Nimefanya kazi na Gakii siku nyingi, na havuti shuka hivyo.

Mama yake alikuwa ameshaambiwa. Gakii alimpigia, akamweleza kwamba atakuja mikono mitupu, na mama akajibu, "Haya." Basi. Hakuongeza neno. Mimi na Shamira tulilijadili hilo "haya" kama mahakimu. Shamira alisema ni haya ya mtu aliyekasirika. Mimi nilisema ni haya ya mtu anayejua majirani watasema binti amefukuzwa kazi. Gakii alisema hajui, na akageukia ukuta.

Sasa lazima nieleze habari ya katoni, maana bila katoni mtu wa Ghuba ni kama ametoka nyumbani bila nguo. Kila mmoja wetu ana katoni kubwa iliyofunguliwa pembeni mwa kitanda. Unaijaza polepole: leo taulo, mwezi ujao thamosi, sabuni, viatu vya mpwa usiyemjua mguu. Ikijaa, watu wa kago wanakuja na utepe na kalamu nene, wanaandika majina, inakwenda. Yangu humfikia mama yangu kule Kapsabet kila mwaka kabla ya Krismasi. Gakii, tangu ile likizo ya masanduku, hakutuma katoni hata moja. Karo ya wapwa na pesa za dawa za mama alizituma kwa simu bila kukosa, lakini kitu cha kushikwa kwa mkono hakikutoka kwake.

Wazo lilikuwa la Shamira. "Tumtumie mama yake katoni," alisema siku Gakii alipokuwa zamu na sisi tuko mapumziko. "Jina la Gakii juu. Akifika nyumbani atakuta wote meno nje."

Nililipenda wazo hilo papo hapo, na sijaacha kulipenda kabisa. Tungemwokoa mwenzetu na aibu, na tungepata njia ya kufika vitandani. Namba ya Cornelius tuliipata kirahisi: Shamira alijifanya ameipenda picha yake, Gakii akampa namba kwa furaha, kwa kuwa amekuwa akimtafutia kaka yake mke tangu zamani.

Tulipakia urithi wote. Sufuria ya Proscovia yenye kitako kilichoungua, pasi ya Stacy, mablanketi ya machui, ndara za saizi mbalimbali, sketi na sweta za walioondoka. Nilipoona bado kuna nafasi, nilitia na vitu vyangu nilivyokuwa nimemwekea mama, kwa sababu moyo ukishaanza kutoa hauangalii. Kulikuwa na glasi za kunywea juisi, na glasi hutaki zivunjike. Nikazizungushia gauni kuukuu la Gakii, la buluu lenye kola nyeupe, ambalo alikuwa ameliweka kando akate vitambaa vya deki. Kwangu lilikuwa kitambaa.

Watu wa kago walisema katoni itafika kabla ya likizo yake. Kwa mara ya kwanza tangu niwajue, walisema kweli.

Siku katoni ilipofika Nkubu, sisi tulikuwa na kongamano la madaktari wa meno. Hoteli ilijaa pomoni. Simu haziruhusiwi kwenye ghorofa za wageni, tunazifungia makabatini tukiingia zamu, kwa hiyo kutwa nzima tulibadilisha mataulo bila kujua la ulimwengu. Jioni Gakii alifungua kabati lake, akatazama simu, akasimama. Cornelius alikuwa amepiga mpaka kuchoka. Shangazi alikuwa amepiga. Mchungaji alikuwa amepiga.

"Mchungaji amenipigia," aliniambia. "Jebet, mchungaji hapigi simu ng'ambo."

"Labda ni harambee," nilisema.

Alitembea haraka mpaka getini kwa Shamira, na hapo, katika foleni ya kupekuliwa, akapiga. Akaweka simu kwenye meza ya Shamira na kufungua sauti.

Cornelius aliitika. Gakii akataja jina lake mwenyewe. Upande wa pili tulisikia yowe, kisha kishindo cha simu kuanguka, kisha watu wengi kwa pamoja. Nyuma yao kulikuwa na kwaya. Wao waliongea Kimeru, nami Mkalenjin sikushika neno, lakini wimbo wa mazishi naujua hata ukiimbwa Kichina.

Halafu mtu akapewa simu. Tulimsikia anapumua tu. Shamira alisahau kupekua, kifimbo chake cha kukagulia kikiwa hewani. Nyuma yetu wahudumu wa mgahawa wakaanza kunung'unika, "Yalla, yalla, basi linaondoka." Yule mtu wa kwenye simu akauliza swali moja fupi. Gakii akajibu. Mama, maana ndiye, akaanza kulia, na Gakii naye akalia, na Shamira akalia bila kujua kinacholiliwa.

Simu ilipokatika, nilimuuliza mama amesema nini.

"Ameniuliza leo nimekula nini."

"Ukamwambia?"

"Wali na dengu." Alijipangusa kwa leso. Kisha akatutazama, mmoja mmoja. "Kuna katoni imefika nyumbani na jina langu."

Shamira, ambaye hata meneja wa jikoni anamwogopa, aliinama akaanza kutafuta kitu chini ya meza. Aliniacha peke yangu na lile jicho.

Yaliyotokea tuliyapata kidogo kidogo ndani ya basi la kazini, Gakii akiyasema akitazama dirisha ili asituone. Katoni ilifika asubuhi. Cornelius aliipokea kwa shangwe, akaifungua uani mbele ya majirani. Wakatoa sufuria iliyoungua. Wakatoa pasi yenye waya uliofungwa kamba. Wakatoa ndara zilizolika visigino, sketi za kuvaliwa, sweta za kuvaliwa, na kelele za furaha zikapungua. Kisha wakafika katikati wakatoa gauni la buluu. Gauni hilo mama mwenyewe ndiye aliyelishona, na ndilo Gakii alilovaa siku anapanda ndege kuja huku.

Kitu ambacho sisi hatukujua ni kwamba mwaka uliopita, kijiji cha pili, binti mmoja alifia Ghuba, siyo nchi hii. Sanduku la nguo zake lilifika kwao kabla ya mtu yeyote kupiga simu. Kila mtu pale uani alikuwa amehudhuria mazishi hayo.

Mama alilinusa gauni, akakaa chini. "Gakii hatumi vitu," alisema. Cornelius akapiga simu, ikaita kabatini West Bay, ikaita tena, ikaita mpaka mchana. Saa za chakula viti vya kukodi vilikuwa vimepangwa na turubai limefungwa. Shangazi, huku akilia kwa sauti kuliko wote, alikuwa ameshabeba sufuria ya Proscovia kwenda nayo kwake kwa ajili ya ukumbusho. Machui yaligawanywa. Pasi haijulikani ilikokwenda mpaka leo. Mama peke yake hakugusa kitu, ila lile gauni alilolikumbatia kwenye mkeka kutoka asubuhi mpaka Gakii alipopiga.

Habari ya uhai ilipofika, mwenye turubai alisema hawezi kulifungua siku hiyo hiyo, amechoka. Basi waombolezaji wakabaki, wakala chakula cha matanga kwa vicheko, kwaya ikabadilisha wimbo. Mchungaji alihubiri juu ya ufufuo. Sidhani kama atapata tena nafasi nzuri hivyo.

"Na vitu?" niliuliza. Nilikuwa nataka kujua kuhusu glasi.

"Mama amesema viondoke vyote kwake. Amesema yeye hajawahi kungoja kitu chochote kutoka huku."

"Sasa ile haya ilikuwa ya nini?"

"Nimemuuliza. Amesema, 'Ulitaka nikuimbie?'"

Shamira alicheka. Gakii hakucheka. Hakusema nasi kwa siku kadhaa, akapika managu yake akayala peke yake kwa kile kijiko kimoja, taratibu, mbele yetu. Mwishowe nilichoka, nikamwambia ukweli ninaouamini: kwamba alitaka kujua kama wanamngoja yeye, na bila katoni yetu asingejua. Aliweka kijiko chini. Akaniambia kwamba mama yake alikaa kutwa nzima akijua mtoto wake amekufa, na kama huo ndio wema wetu, tuuweke kwenye katoni nyingine tumpelekee shetani. Alikuwa na haki, na nilimwonea huruma yule mama mpaka nikakosa usingizi, ingawa hilo sikumwambia.

Siku ya safari tulimsindikiza mpaka uwanja wa ndege, maana kununiana nako kuna mwisho. Alikwenda na mkoba wake uleule. Msichana wa kaunta aliuliza mizigo iko wapi, akarudia kuuliza, akainuka kutazama nyuma yetu kama tumeificha. Shamira alimwambia asijisumbue, yeye ametafuta kwa miaka.

Kesho yake akatutumia ujumbe wa sauti. Tuliusikiliza tumekaa kitandani kwangu, ambako siku hizi kunafikika. Alisema mama alikuja mwenyewe mpaka Nairobi, yeye ambaye husema Nairobi ina moshi. Alipomwona alimshika mabega, akashuka mikono, akapapasa mbavu, mgongo, akamgeuza akapapasa tena, watu wa uwanja wa ndege wakitazama. "Shamira, amenipekua kuliko wewe," alisema. Njiani kwenda Meru walikaa nyuma ya teksi, mama amemshika mkono hauachii hata kula ndizi. Walipofika nyumbani wakashuka hivyo hivyo, wakaingia ndani, wakakaa. Mkoba waliusahau kwenye teksi. Hakuna aliyeukumbuka, si Cornelius, si shangazi, si Gakii mwenyewe, mpaka dereva aliporudi nao siku iliyofuata akilalamika kuhusu mafuta.

Shamira alirudia kuusikiliza ujumbe huo mara nyingi sana, nikamnyang'anya simu.

Halafu nikampigia mama yangu Kapsabet. Nilitaka tu kumchekesha, na nilimchekesha kweli. Nilipofika kwa shangazi na sufuria alicheka mpaka akakohoa, akaniambia ningoje anywe maji. Nilipofika kwa yule mama na gauni akasema, "Maskini," na sauti ikawa ya upole. Nikaona ndiyo nafasi yenyewe. Nikajichekesha kidogo, nikamuuliza, kwa utani tu, je, mimi nikija likizo na mkoba mdogo, bila kitu kingine, itakuwaje.

Nilisikia kuku, nilisikia redio ya jirani.

"Kwani mwaka huu katoni yangu imechelewa wapi?" akauliza.

Nikamwambia iko njiani.